Vifaa vya "kupunguza mafuta" kwenye magari ya haibridi: mwenye gari ajue nini kabla ya kutoa pesa

Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, inapotangaza bei mpya za mafuta, matangazo ya vifaa vya kupunguza ulaji wa mafuta huzidi. Yamo kwenye simu, kwenye maduka ya spea, na kwa wachuuzi wanaopita kati ya magari kwenye foleni ya feri ya Likoni. Siku hizi walengwa wakuu ni wenye magari ya haibridi, yaani yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme na betri yake kubwa, kama Aqua, Prius, Fit na mengineyo. Malalamiko yanayotufikia hapa Mombasa yamefanana sana: mteja amenunua, amefungiwa, mafuta hayakupungua, na muuzaji hapokei tena simu.

Tuseme mapema kwamba makala hii haimlengi muuzaji wala chapa yoyote. Wako wauzaji wanaoamini kwa dhati bidhaa walizoletewa. Lakini imani ya muuzaji si ushahidi, na sheria haitambui imani.

Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limechunguza zaidi ya vifaa 100 vya aina hii kwa miaka mingi na halijapata hata kimoja kinachopunguza matumizi ya mafuta kwa kiwango cha maana. Baadhi vilionekana kuweza kuharibu injini au kuongeza moshi wenye sumu. Mengi ya majaribio hayo yalifanyiwa magari ya kawaida. Kwenye haibridi nafasi ya kuboresha ni finyu zaidi, kwa sababu kompyuta ya gari tayari inaamua kila sekunde kama injini iwake au izimwe, na kila ukikanyaga breki sehemu ya nguvu inarudishwa kwenye betri.

Sumaku ya kufunga kwenye mpira wa mafuta ndiyo rahisi kuliko vyote. Inadaiwa kwamba inapanga chembe za petroli ili ziungue vizuri. Injini ya kisasa yenye kompyuta na sensa ya oksijeni, inayopima oksijeni kwenye moshi, huunguza karibu mafuta yote yanayoingia. Nguvu inayopotea hupotea kama joto kupitia rejeta na ekzosi, na sumaku haina la kufanya hapo.

Kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya dashibodi kinadaiwa kujifunza uendeshaji wako na kuipanga upya kompyuta ya gari. Wahandisi wamevifungua vifaa vya aina hii na mara nyingi wamekuta taa zinazomweka na chipu rahisi ambayo haiwasiliani na kompyuta ya gari hata kidogo. Soketi hiyo ina umeme muda wote, gari likiwa limezimwa pia. Ukisafiri ukaliacha gari wiki kadhaa, kifaa kinaendelea kunyonya betri ndogo ya volti 12, na betri hiyo ikiisha haibridi haiwaki, hata kama betri kubwa imejaa.

Mtambo wa hidrojeni unahitaji maelezo zaidi, maana ndio ghali na ndio unaowashawishi hata watu wenye elimu. Ni chupa ya maji yenye nyaya: umeme unayagawanya maji kuwa hidrojeni na oksijeni, kisha gesi hiyo inaingizwa kwenye injini. Ni kweli gesi inatoka, na ni kweli inawaka. Swali ambalo mteja haulizi ni umeme huo umetoka wapi. Kwenye Aqua au Prius hakuna alteneta, ile jenereta inayozungushwa na injini kwenye magari ya kawaida. Umeme wa volti 12 unatolewa kwenye betri kubwa, na betri kubwa hujazwa na injini au na breki ambazo nazo zinarudisha mwendo uliotokana na petroli. Kwa hiyo petroli ndiyo inayotengeneza hidrojeni, na kila hatua katikati inapoteza nguvu. Kinachorudi hakiwezi kuzidi kilichotoka. Mwaka 2009 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilimshtaki muuzaji wa mtambo wa namna hii aliyedai kupunguza mafuta kwa kiasi kikubwa. Hoja hii tumeieleza mara nyingi, na bado tunaletewa video ya kwenye simu kama ushahidi. Video si kipimo.

Kuna pia visanduku vinavyoidanganya sensa ya oksijeni ili kompyuta ipunguze mafuta. Hivi vinaweza kweli kubadilisha kitu, na ndiyo maana ni vibaya kuliko sumaku: injini inapata joto kupita kiasi, taa ya injini inawaka kwenye dashi, na kichujio cha moshi kwenye ekzosi kinaharibika. Kukibadilisha kichujio hicho kunaweza kugharimu kuliko mafuta yote uliyotarajia kuokoa.

Je, kuna kifaa chochote cha kuongezea kilichowahi kufanya kazi? Kipo, na ni haki tukitaje. Mwaka 2008 nchini Marekani kulikuwa na betri ya ziada iliyoitwa Hymotion L5, ya kilowati-saa 5, iliyofungwa kwenye Prius na kuchajiwa kwa umeme wa nyumbani. Ilipunguza petroli kwa sababu ilileta nguvu kutoka nje ya gari. Bei yake ilikuwa karibu dola 10,000, na mwenye gari alihitaji kuendesha miaka mingi kuzirudisha. Mwaka huohuo Prius nyingine, iliyofungwa betri ya ziada na kampuni tofauti, iliungua huko South Carolina, na uchunguzi ukaelekeza kwenye viungio vya umeme ambavyo havikufungwa sawasawa. Betri ya Prius ni zaidi ya volti 200 na ya Aqua ya kwanza ni volti 144. Nyaya za rangi ya machungwa, ambazo ndizo zinazobeba umeme huo mkubwa, zisiguswe na fundi asiye na mafunzo ya haibridi, hata akiwa fundi wako wa miaka mingi.

Chanzo kikubwa cha tatizo, kwa maoni yetu, ni matarajio. Aqua ilipotoka Desemba 2011 ilitangazwa kwa kilomita 35.4 kwa lita. Takwimu hiyo ni ya kipimo cha maabara cha Japani kiitwacho JC08. Haikuwa ahadi kwa mtu anayetoka Mtwapa saa moja asubuhi na kusimama dakika nyingi kabla ya daraja la Nyali huku eyakondishani ikifanya kazi kwa nguvu zote. Gari likikupa kilomita 20 na kitu kwa lita katika hali hiyo, ni zima. Halihitaji kutibiwa.

Joto letu lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kwa takwimu za serikali ya Marekani, eyakondishani kwenye joto kali inaweza kupunguza ufanisi wa gari la kawaida kwa zaidi ya asilimia 25 kwenye safari fupi. Kwa haibridi athari inaweza kuwa kubwa zaidi, kwani injini inalazimika kuwaka ili kuijaza betri inayoendesha ubaridi. Fungua madirisha dakika moja kabla ya kuiwasha eyakondishani, na uegeshe kivulini. Kagua pia tundu la kupitisha hewa ya betri karibu na kiti cha nyuma: likizibwa na vumbi, nywele au mizigo, betri inapata joto na kompyuta inapunguza kuitumia. Kulisafisha ni kazi ndogo. Ondoa keria ya juu kama huitumii, jaza upepo wa tairi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango, na usibadilishe rimu kwenda kubwa zaidi. Kuziba grili ya mbele, ambako wengine wanakuiga kutoka nchi za baridi, kusifanywe Mombasa kamwe.

Anayetaka kupima kifaa apime kwa pampu. Jaza tanki mpaka pampu ikatike yenyewe, andika kilomita, endesha njia zako za kawaida, jaza tena kwenye pampu ileile na ugawanye kilomita kwa lita. Fanya hivyo matanki matatu bila kifaa na matatu ukiwa nacho. Namba ya wastani kwenye dashi haitoshi, hasa kama fundi ameizerosha baada ya kufunga. Mtu aliyetoka kulipa huendesha polepole bila kujijua.

Sasa kuhusu haki zako. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya taarifa anazohitaji ili afaidike nazo. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inahesabu kuwa ni udanganyifu kudai kwamba bidhaa ina utendaji au manufaa isiyokuwa nayo, na mnunuzi aliyedanganywa anaweza kuvunja mapatano kwa kumpa muuzaji taarifa ndani ya mwaka 1 tangu aliponunua. Chini ya Sheria ya Ushindani, madai ya uongo kuhusu bidhaa yanaweza kuleta faini isiyozidi shilingi milioni 10, kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili.

Utaratibu ni huu. Kwanza mwandikie muuzaji, kwa barua au ujumbe unaobaki na tarehe, ukitaja bidhaa, bei, alichoahidi na unachotaka. Mpe muda wa kujibu. Asipojibu, lalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, au nenda Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na inayotakiwa kisheria kuamua ndani ya siku 60. Huhitaji wakili. Unahitaji risiti, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa: wamelipa taslimu barabarani bila karatasi yoyote. Kama ulilipa kwa M-Pesa, ujumbe wa malipo uhifadhi. Tangazo lipige picha likiwa bado lipo.

Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ambayo unaweza kuihakiki kwa kutuma SM# na namba ya kibali kwenda 20023, inahusu kutimiza viwango vya bidhaa. Haithibitishi kwamba kifaa kinapunguza mafuta, na muuzaji anayeionyesha kama jibu la swali hilo hajakujibu. Mwombe ripoti ya maabara yenye jina la maabara, aina ya gari na tarehe.

Kama kifaa tayari kimefungwa kwenye gari lako, ijulishe kampuni yako ya bima kwa maandishi, kwani badiliko lisilotajwa linaweza kuleta ubishi siku ya fidia. Ukiamua kukitoa, kitolewe na fundi wa haibridi, aandike alichokikuta na jinsi kilivyounganishwa, na ukihifadhi kifaa pamoja na boksi lake. Usikitupe wala usikiuze kabla shauri halijaisha.