Je, wajua kwa nini mchoraji mgeni huona Kigoma asiyoiona mwenyeji?

Simama usiku pale Kibirizi, Kigoma, utazame ziwani. Taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa juu ya maji kama mji mwingine uliochipuka huko kati. Mchoraji aliyeshuka jana kutoka treni ya Dar es Salaam atatoa daftari kabla hata hajala. Mwenyeji aliye kando yake anaona jambo moja tu: kesho dagaa wapo.

Macho ni yale yale. Tofauti iko kwenye ubongo, ambao ni bahili kweli kweli: kitu kinachojirudia kila siku bila jipya, huacha kukishughulikia. Ndiyo maana harufu ya dagaa walioanikwa hukupiga unapofika, na baada ya nusu saa umeisahau ingawa haijaenda popote. Yanayoipata pua huyapata na macho, ila taratibu zaidi. Mtaani kwako unatembea kwa kumbukumbu. Unajua duka lilipo, hivyo hulitazami. Ugenini kumbukumbu hiyo huna. Usipotazama, unatumbukia mtaroni.

Hapo ndipo mchoraji anapoanza kuokota vitu. Mawese, kwa mfano. Kwa mama muuzaji ni mafuta ya kuungia maharage. Kwa mgeni ni rangi: nyekundu inayoelekea chungwa, itokanayo na karotini, jamii ile ile iliyomo kwenye karoti. Asubuhi ya baridi huganda kidogo ndani ya dumu, huku pazito, huku pang'avu. Mimi naamini mtu anaweza kumaliza wiki nzima akichanganya rangi ili alipate dumu moja tu.

Ila mji mpya haumpi msanii kila kitu. Paul Klee, mchoraji mzaliwa wa Uswisi, alikwenda Tunisia Aprili 1914, akakaa takriban wiki mbili, akaandika kwenye shajara yake kwamba rangi imemteka. Watu husimulia safari ile kama muujiza. Wanasahau kwamba alikuwa amehangaika na rangi miaka mingi kabla. Tunisia ilimkuta na swali lake mkononi. Edward Saidi Tingatinga naye alitoka kusini, Tunduru. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, picha zilizompa jina hazikuwa za maghorofa bali za wanyama. Kumbe ugeni wa mji unaweza pia kumfungua mtu macho aone alikotoka.

Hali hii haidumu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jicho nalo hupewa jembe lake. Juma la pili mchoraji wetu anapita Kibirizi akiwaza nauli ya kurudi. Kwa hiyo mjanja huchora harakaharaka siku za mwanzo, mistari ya ovyo na majina ya rangi pembeni, picha yenyewe akaimalizie nyumbani.

Na kabla ya kukata tiketi auangalie mwezi. Dagaa hufuata taa gizani, na mwezi ukiwa mpevu taa ya mtumbwi haifui dafu. Siku hizo wavuvi hupumzika na kushona nyavu. Akifika wakati huo, ule mji wa taa hataukuta. Atachora mitumbwi iliyolala mchangani.