Destroya ni meli gani?

Wakazi wa Dodoma bahari tunaifuata zaidi ya kilomita 400, kwa hiyo taarifa ya habari ikitaja "destroya" wengi huipokea kama manowari nyingine yoyote. Manowari ni jina la jumla la meli za kivita. Destroya ni aina moja tu, na jina lake limefupishwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1800 kulikuwa na boti ndogo za mbio zilizobeba torpedo, yaani kombora linalojiendesha majini, na torpedo moja tu ilitosha kuzamisha meli kubwa. Uingereza ikaunda meli ya kuziwinda, HMS Havock, ya mwaka 1893, tani 240 hivi. Aina hiyo ikaitwa kwa Kiingereza "torpedo boat destroyer", yaani kiangamizi cha boti za torpedo. Boti zikapitwa na wakati, likabaki "destroyer", kiangamizi. Destroya za Marekani za aina ya Arleigh Burke zina tani zaidi ya 8,000 na urefu wa mita 150 na ushei. Kazi kubwa ya destroya ni kuzikinga meli nyingine dhidi ya ndege, makombora na nyambizi. Mimi ningeiita mlinzi.

Anayejua jahazi atadhani huanza mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, yakafuata mataruma, yaani mbavu zake, kisha mbao. Siku hizi sivyo. Destroya huundwa kwa bloki, vipande vya chuma vikubwa kama nyumba, kila kimoja kikichomelewa peke yake. Bloki nyingine hupinduliwa miguu juu ili fundi achomelee akiinama; aliyewahi kuchomelea dari huku cheche zikimwingia shingoni anajua kwa nini. Mabomba na nyaya nyingi hutangulia kufungwa humo, ndipo bloki ziunganishwe. Hata baada ya kuishua, yaani kuiteremsha majini, zinabaki kazi za ndani na majaribio ya baharini.

Meli ya vipande si ngeni kwa reli yetu. Goetzen, meli ya Ziwa Tanganyika, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupakiwa kwenye treni ya Reli ya Kati. Dodoma ilipita ikiwa mzigo. Ilipofika Kigoma ikaungwa kwa ribiti, yaani pini za chuma, ikashuliwa Februari 1915, baadaye ikafungwa mzinga wa manowari Königsberg, ile iliyoishia Rufiji. Destroya haikuwa. Leo ndiyo MV Liemba.