Wimbi halichanganyi bahari mpaka livunjike

Kauli kwamba mawimbi ndiyo yanayochanganya maji ya bahari imezoeleka mno, hata darasani, na inapotosha.

Bahari huchanganyika pale maji ya joto na ya baridi, au ya chumvi nyingi na kidogo, yanapoungana kiasi cha kutotenganishika tena. Kazi hiyo hufanywa na msukosuko: maji huzunguka ovyo, mizunguko mikubwa ikizaa midogo hadi ya milimita chache.

Wimbi ni jambo jingine. Litazame boya lililo mbali na ufuo: wimbi likipita linapanda, linashuka, linarudi karibu palepale. Kilichosafiri ni nishati. Tena wimbi la juu halifiki mbali chini. Lenye urefu wa mita 150 kutoka kilele hadi kilele huisha nguvu kwenye kina cha mita 75 hivi.

Vilindini kuna mawimbi ya ndani, yanayopita kati ya tabaka za maji mepesi na mazito. Mengi huzaliwa maji ya kupwa na kujaa yanapopanda milima iliyo chini ya bahari. Yanayotoka Mlango wa Luzon, karibu na Ufilipino, huweza kuzidi mita 200 kwa kimo huku juu pakiwa karibu shwari. Hata hayo husafiri mamia ya kilomita bila kuchanganya maji mengi, mpaka yavunjike.

Mwaka 1966 mtaalamu wa bahari Walter Munk alikadiria mchanganyiko unaohitajika kuendesha mzunguko wa vilindi, yaani safari ya maji yanayozama na kupanda tena. Mwaka 1992 watafiti walimwaga gesi maalumu kwenye kina cha mita 300 hivi, magharibi ya Visiwa vya Canary, wakaifuatilia kwa miezi. Ilitanuka mamia ya kilomita kwa upana, lakini juu na chini makumi ya mita tu: mchanganyiko wa takriban sehemu moja ya kumi ya kadirio la Munk. Baadaye, upande wa Brazil, juu ya sakafu yenye milima na mabonde, msukosuko ulikutwa mkali mara nyingi zaidi.

Ndiyo maana waunda modeli, yaani programu za kompyuta zinazoiga tabianchi, wanahangaika. Mraba mmoja wa modeli ya tabianchi huwa na makumi ya kilomita. Msukosuko hauonekani humo, lazima ukadiriwe kwa fomula. Ukiuweka wimbi linapozaliwa badala ya linapofia, mzunguko wa vilindi unakwenda kombo.

Mwalimu anaweza kubaki na sentensi yake, aongeze neno moja tu: mawimbi yanapovunjika huchanganya bahari.