Kuumia kazini: wanayokwambia na sheria inavyosema

Mfanyakazi akikatwa kidole na mashine kiwandani, msimamizi huwahi hospitali kuliko ndugu, na huja na maneno laini: "Mwambie daktari umeanguka nyumbani, bili kampuni italipa." Majeruhi ana maumivu, anahofia kibarua chake, anakubali. Naandika kuhusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake.

"Ukidai fidia utafukuzwa, na huna pa kwenda."

Hofu hii ndiyo inayowaziba wengi midomo. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinasema kwamba kutumia haki uliyopewa na sheria yoyote si sababu halali ya kukuachisha kazi. Kudai fidia ni kutumia haki. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu ya haki na kwamba alifuata utaratibu.

Kweli, mwajiri anaweza kuachana na mtu ambaye hamudu tena kazi. Lakini Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka kwanza akae naye, amtafutie kazi nyingine anayoiweza, na kama aliumia kazini, ajitahidi zaidi kumbakiza.

Tatizo ni kwamba visasi vingi haviji kwa barua. Unarudi na bandeji mkononi, unakuta umepangiwa zamu za usiku mfululizo, au kunyanyua mizigo ambayo daktari amekukataza, mpaka ubwage manyanga mwenyewe. Hilo nalo sheria inalitambua: ukijiuzulu kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike, inahesabika kuwa amekuachisha yeye. Ila hapo mzigo wa kuthibitisha unakuangukia wewe, kwa hiyo piga picha ratiba za zamu, tunza ujumbe wa simu na vyeti vya daktari, na usiandike barua ya kuacha kazi kabla hujazungumza na chama cha wafanyakazi au mtu anayejua sheria.

Wenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri mmoja hawalindwi na masharti haya ya kuachishwa kazi isivyo haki. Naliona hilo kuwa pengo kubwa, maana mgeni wa mashine ndiye rahisi kuumia. Fidia ya kuumia, hata hivyo, haina sharti hilo.

"Uzembe ulikuwa wako, kwa hiyo hulipwi."

Fidia haitafuti mkosaji. Kinachoangaliwa ni kama uliumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Utovu wa nidhamu wa makusudi ndio unaoweza kukuharibia.

"Kampuni imelipa bili, yameisha."

Bili ni sehemu ndogo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015, hulipia matibabu, na pia humlipa asiyeweza kufanya kazi kwa muda asilimia 70 ya mshahara wake, hadi miezi 24. Ukibaki na ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30, unalipwa pensheni kila mwezi. Vibarua nao wamo. Anayechangia Mfuko ni mwajiri peke yake, kwa asilimia 0.5 ya anacholipa wafanyakazi. Kukukata wewe senti ni kosa.

Sasa fikiria faili la hospitali limeandikwa "alianguka nyumbani". Mwajiri alitakiwa kuupa Mfuko taarifa ndani ya siku 7 tangu ajulishwe, naye hataipeleka. Ukija kudai mwenyewe, karatasi ya kwanza inakupinga. Mwambie daktari ukweli: mashine gani, saa ngapi, nani alikuwepo.

"Pona kwanza, mengine baadaye."

Kuna saa mbili zinazokimbia, na wengi wanaijua moja. Dai la fidia lina miezi 12 tangu ajali. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapaswa kufika CMA ndani ya siku 30 tangu uachishwe, hata kama siku hizo umezimaliza wodini. Zikipita, unaweza kuomba upokelewe kwa kuchelewa ukieleza sababu ya msingi, na hapo karatasi za kulazwa ndizo ushahidi wako.