Wati za mashine ya vumbi si nguvu ya kufyonza

Vijana wanaoanza kazi ya kusafisha mazulia hapa Kigoma huwa na swali moja: "Kaka, ninunue mashine ya kufyonza vumbi ya wati ngapi?" Muuzaji pale Mwanga naye anajibu kwa wati hizohizo, kwamba ya 2000 inavuta kuliko ya 1400, na pesa inatoka. Wote wawili wanazungumzia umeme huku wakidhani wanazungumzia vumbi, na anayeumia ni kijana aliyetoa mtaji wake.

Wati ni kipimo cha kasi ya kutumia nishati, na jina limetokana na James Watt, fundi wa Uskoti aliyeboresha injini ya mvuke. Zile zilizoandikwa ubavuni mwa mashine ni umeme unaoingia kwenye mota. Ukiiwasha ya wati 2000 saa nzima, uniti 2 za LUKU zimekwenda. Basi, habari ya wati inaishia hapo. Mchukuzi wa bandarini hapimwi kwa sahani za ugali alizokula, tunahesabu magunia aliyoshusha.

Kazi yenyewe ya mashine ina vipimo viwili, na vyote ni vya hewa. Cha kwanza ni mvuto, unaoandikwa kwa kilopaskali. Boksi nyingine huandika milibari, na milibari 200 ni sawa na kilopaskali 20. Cha pili ni wingi wa hewa inayopita, yaani lita kwa sekunde. Mvuto ndio unaong'oa chembe kwenye nyuzi, hewa ndiyo inayoibeba hadi kwenye mfuko. Kimoja bila kingine hakisaidii.

Tena havifiki kileleni kwa pamoja, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Mvuto mkubwa ulioandikwa kwenye boksi hupimwa bomba likiwa limezibwa kabisa, wakati hakuna hewa inayopita. Hewa nyingi hupimwa bomba likiwa wazi, wakati mvuto karibu haupo. Kazi halisi iko katikati, mdomo ukiwa umekaa juu ya zulia. Ukipata kilopaskali 12 na lita 20 kwa sekunde kwa wakati mmoja, zidisha: ni wati 240 za hewa. Hizo ndizo wati zinazofanya kazi, hata kama mota imekula 2000.

Jaribu mwenyewe. Washa mashine, ziba mdomo wa bomba kwa kiganja, sikiliza. Mlio unapanda, unakuwa mwembamba na mkali, na mwenye duka atakwambia sikia inavyovuta. Kumbe feni imekosa hewa ya kusukuma, mzigo umepungua, mota inazunguka kwa kasi zaidi na umeme inaotumia umeshuka. Mfuko ukijaa, au chujio likizibwa na vumbi jekundu la Ujiji wakati wa kiangazi, mambo ni hayohayo: kelele zimezidi na mchanga bado umelala kwenye shina la nyuzi, unazikata kila mtu anapokanyaga.

Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati 1600 mwaka 2014, ukakishusha hadi 900 mwaka 2017 kwa mashine za kawaida za majumbani. Mazulia ya huko bado yanasafishwa.

Mkanganyiko huu unawagharimu zaidi wanaochukua mashine ya pipa, ile ya sehemu za kuoshea magari, kwa sababu ina mota mbili au tatu na wati 3000. Mota zikipangwa sambamba zinaongeza hewa, mvuto unabaki karibu uleule wa mota moja. Kwa maji yaliyomwagika sakafuni ni nzuri sana. Kwa zulia la msikitini, lenye nyuzi fupi zilizosongamana, utapita mara nyingi na mchanga hautoki. Pale panahitajika brashi inayozunguka, tena yenye mota yake, ikung'ute nyuzi ili hewa ipate cha kubeba. Kapeti la manyoya marefu ni kinyume chake, brashi hiyo huyasokota na kuyang'oa, kwa hiyo chagua mashine ambayo brashi yake inazimika. Na vumbi litoke kabla ya maji na sabuni, la sivyo unakanda tope ndani ya zulia la mtu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukifika dukani uliza kilopaskali ngapi, lita ngapi kwa sekunde, na brashi inazungushwa na mota au na upepo tu. Muuzaji akianza na wati, mwombe kwa upole ageuze boksi upande wa pili msome pamoja.