Ujasiriamali kwenye Kipindi cha Sayansi: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Dhana: Kumfundisha mtoto wa darasa la nne ujasiriamali ni kumfundisha kuuza.

Kuuza wengi wanakujua tayari. Mtoto aliyekulia kwenye nyumba yenye genge au meza ya maandazi hahitaji mwalimu wa kumfundisha kurudisha chenji. Asichokipata nyumbani ni kupima, na kupima ndiyo kazi ya sayansi.

Chukua somo la bakteria. Mwalimu anachemsha lita moja ya maziwa na kuyagawa kwenye vikombe vitano. Kimoja anakitia kijiko cha mtindi maziwa yakiwa bado yanafuka moshi. Vinne anavisubiri vipoe hadi vuguvugu, nyuzi 40 hivi, ndipo anatia. Vyote vinafunikwa blanketi. Kesho yake vinne vimeganda, cha tano ni maziwa tu: joto limewaua bakteria wa mtindi wanaogandisha maziwa. Walimu wengi hufunga daftari hapo, nami naona ndipo utamu unapoanzia. Tuseme lita ilinunuliwa shilingi 2,000. Kila kikombe kilikuwa na gharama ya 400. Sasa vinne vinabeba mzigo wa vitano, kila kimoja 500, na mkaa bado. Atakayeuza 450 akidhani kapata faida ya 50, amepoteza 200 kwa vyote vinne. Kikombe kilichoharibika kimefundisha kuliko vilivyoganda.

Dhana: Shule yenye bustani imeshamaliza kazi ya kufundisha ujasiriamali.

Elimu ya Kujitegemea, sera aliyoitoa Rais Nyerere mwaka 1967, ilitaka kila shule ya Tanzania iwe pia shamba. Nyerere hakutaka wanafunzi walime tu. Alitaka waamue pia, kwa mfano kama fedha walizopata zikodi trekta au zifanye jambo jingine, wao walime kwa mikono. Shule nyingi zilibakiza jembe, uamuzi ukabaki ofisini. Tuta moja la mchicha lenye samadi na jingine lisilo nayo, watoto wapime urefu kila wiki, waandike gharama na waamue wenyewe tuta lijalo liweje: hiyo haihitaji maabara wala mtaji mkubwa, na mchicha huvunwa baada ya mwezi hivi.

Dhana: Sabuni ndiyo mradi wa kwanza.

Semina za ujasiriamali hupenda sabuni. Lakini kostiki soda inayotumika kuitengeneza huunguza ngozi na inaweza kupofusha macho. Mikono ya watoto wa msingi isiikaribie. Mtindi, mchicha na maembe ya kukausha vinatosha.