Figo na ukoo: yasemwayo matangani na yaliyo kweli

Ndugu wawili wa tumbo moja wakifa kwa figo, matangani hakosekani mzee wa kunong'ona kwamba ukoo umelaaniwa. Kilichorithiwa ni jeni, wala si jeni moja, maana magonjwa ya figo ya kurithi ni mengi na kila ugonjwa una njia yake ya kupita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto.

Wengi husema ugonjwa wa figo wa kurithi huruka kizazi. Katika ule wa figo kujaa vifuko vya maji, ambao kwa kawaida hujitokeza ukubwani, mzazi mmoja mwenye jeni lenye kasoro anatosha kuurithisha, na kila mtoto, wa kike kwa wa kiume, ana uwezekano wa asilimia 50. Mtoto wa kwanza kuupata hakumkingi wa pili. Asiyelirithi jeni hilo hana cha kumwachia mwanawe. Nyanya anayesifiwa kuwa hakuugua huenda alikuwa nao bila kupimwa, kwa kuwa vifuko hukua polepole kwa miaka mingi bila maumivu, hata figo ya ukubwa wa ngumi ikafikia zaidi ya kilo moja. Ipo aina nyingine, ya utotoni, inayohitaji jeni kutoka kwa wazazi wote wawili, nao huwa wazima kabisa.

Selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, nayo hudhaniwa kuwa ya damu na mifupa tu. Huharibu pia uwezo wa figo kuukoleza mkojo, hivyo mtoto hukojoa sana na kulowanisha godoro usiku, kisha asubuhi huchapwa kwa kosa la figo zake.

Kuhusu laana, jeni la APOL1 linasimulia kisa tofauti. Baadhi ya maumbo yake husaidia kukinga dhidi ya malale, ugonjwa uenezwao na mbung'o na unaokumbukwa sana Busoga, mashariki mwa Uganda; ila anayerithi mawili, moja kwa kila mzazi, huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuharibika figo, ingawa wengi wao hawaugui.

Sasa kwa kuwa Uganda ina sheria ya mwaka 2023 ya kupandikiza viungo, husikika kwamba ndugu wa damu ndiye mtoaji bora daima. Ndugu huyo huenda ana vifuko vilevile asivyovijua, na akitoa figo moja atabaki na nyingine iliyo gonjwa. Ndiyo maana hupimwa kwanza, hata akiwa analima kutwa bila kuchoka.